Matone Manne Katika Togwa

Lukresia alianza kumdanganya mumewe asubuhi ya Jumatatu, kwa kikombe cha togwa. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Waliomfahamu tangu utotoni wangekuambia kwamba akivunja chungu alikuwa wa kwanza kukimbia kwa mama yake kusema. Lakini mwanamke akikaa karibu miaka minne na mtu anayelia kwa mguu mmoja, ukweli unageuka anasa, na nyumbani mwa Lukresia hakukuwa na anasa ya aina yoyote.

Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto. Risasi ya askari iliingia paja la mumewe, Mhagama, kwa nyuma, karibu na Namabengo, mwanzoni kabisa mwa vita, ikatokea mbele bila kugusa mfupa. Kidonda kilipona vizuri, kovu likabaki dogo kama mbegu ya boga, na watu wakaja kumpongeza. Ndipo unyayo ulipoanza kuungua. Mhagama hakukubali mtu aseme unamuuma. Alisema unaungua, kwamba amekanyaga makaa na hawezi kutoka juu yake. Nzi akitua kwenye kidole, anapiga yowe. Shuka likimgusa, anapiga yowe. Mtoto wao Notburga, aliyezaliwa njaa kuu ilipokuwa inaisha, alijifunza kumzunguka baba yake kwa mbali kabla hajaweza kutamka jina lake mwenyewe, ingawa kwa jina lile la Kijerumani walilomchagulia misheni hilo halikuwa ajabu.

Ubaridi peke yake ndio uliomtuliza kidogo. Kutwa alishinda kando ya mto Luhira, mguu majini, mikono kichwani. Jioni Lukresia alimfunga unyayo kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, akiyabadilisha kila yalipopata joto. Shamba akalima peke yake. Kuni akakata peke yake. Majirani wakamsifu kwa uvumilivu, na sifa hizo zilimchosha kuliko jembe.

Sasa, unaweza kuuliza kwa nini mtu wa namna hiyo asitafutiwe dawa. Alitafutiwa. Shida ilikuwa kwamba Mhagama hanywi dawa iliyotiwa majini. Dawa kavu sawa, ya kuchanja sawa, ya kupaka, ya kuvuta, ya kufukiza, yote sawa. Ila ukimwambia kunywa, anafumba mdomo na hafumbui tena hadi uondoke na kikombe chako. Hata ubatizo aliukataa kwa sababu hiyohiyo. Mapadri walimwona mkaidi. Watu wa kijijini hawakumwona mkaidi, maana walijua.

Walijua kwamba dawa ya vita ilipofika Ungoni, mjomba wake Mhagama ndiye aliyepewa kibuyu cha maji ya dawa cha kuwanyunyizia vijana wa upande wao. Mjomba akashikwa na homa siku ya kuondoka. Kibuyu kikaingia mikononi mwa Mhagama. Aliwapanga mstari vijana kumi na mmoja, akawanyunyizia kifuani, akawanywesha kila mmoja funda moja, akawaambia maneno aliyofundishwa, kwamba risasi zitakuwa maji. Aliyasema kwa sauti kubwa na aliyaamini. Kesho yake, jua halijapanda sana, wote kumi na mmoja walikuwa chini. Waliokamatwa baadaye walinyongwa bomani Songea, lakini jina la Mhagama hakuna aliyelitaja. Kijiji kizima kilifumba mdomo kwa ajili yake, hata wajane. Basi alipoanza kuungua mguu, hakuna aliyemweleza maana yake, na yeye hakumuuliza mtu. Alisema wale kumi na mmoja wamemshika unyayo.

Lukresia alimletea waganga wa dawa kavu hadi wakaisha. Mmoja alimchanja chale kuanzia kiunoni mpaka kisiginoni, akamsugulia majivu ya mizizi, na kwa wiki nzima mtu akaungua sehemu mbili badala ya moja. Halafu akapita Nassoro, mfanyabiashara wa Kiyao kutoka Tunduru, mtu mwema mwenye kanzu iliyochakaa, akampa majani makavu ya mranaha avute kwenye kiko.

"Kidogo tu, bibie," Nassoro alimwonya Lukresia. "Mranaha hauna masihara. Inshallah atalala."

Alilala kweli, na mguu ukanyamaza kweli. Lakini alipoamka macho yake yalikuwa meusi yote, kinywa kimekauka, na akaanza kuzungumza na watu ambao Lukresia hakuwaona. Aliwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka kumi na mmoja. Siku ya pili alitoka uchi akaelekea mtoni kuwapokea. Wanaume wanne walimrudisha. Lukresia alilitupa lile jani chooni, kisha akakaa chini akalia, kwa sababu lilikuwa jani la kwanza kumtuliza mumewe na hakuweza kumpa tena.

Ndipo akaenda misheni. Ilikuwa mwendo wa nusu siku. Nyumba ya dawa ilikuwa chini ya Bruda mmoja wa Kijerumani, mzee wa ndevu, na mkalimani wake alikuwa Isidori, mtu mzima mwenye masharubu na maringo ambaye kwa kuwa alijua kufunga vidonda alijiona nusu daktari. Lukresia alieleza yote, akaacha habari ya kibuyu. Bruda alisikiliza, akauliza mambo mawili matatu, akachora mstari kwa kidole kwenye paja lake mwenyewe mpaka chini.

"Anasema kidonda kimepona lakini mshipa haujapona," Isidori alitafsiri. "Risasi imeukwaruza. Mshipa ukikwaruzwa unapiga kelele tu, hata kama hakuna kinachoendelea. Anasema huko kwao amewaona askari wengi wa namna hii."

"Basi hakuna mtu aliyemshika?" Lukresia aliuliza.

Isidori hakulitafsiri swali hilo. Alimkabidhi kichupa cheusi chenye kizibo. "Hii ni kasumba, yaani afyuni, iliyoyeyushwa. Matone kumi kwenye maji, asubuhi na jioni. Usimpe mtoto. Na usizidishe."

Kwenye maji. Lukresia alikitazama kichupa njia nzima akijua mumewe atakavyofumba mdomo. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua. Togwa ni nzito na ina uchachu wake, inaficha uchungu, na Mhagama aliipenda. Tena mtu hawi na wasiwasi na togwa ya mkewe.

Matone kumi ya Bruda yalikuwa kipimo cha watu walioshiba. Mhagama alikuwa mifupa. Alikunywa asubuhi ile ya Jumatatu, akakoroma hadi Jumanne adhuhuri, pumzi zikija kwa kuchelewa, na Lukresia akawa anamfinya mashavu na kumwita huku roho yake iko mkononi. Alipozinduka alidhani ni uchovu wa miaka. Lukresia hakumsahihisha. Siku zilizofuata akajaribu sita: mguu ulitulia, lakini alitapika, akajikuna mpaka damu, na akawa anaongea taratibu kama mtu anayetafuta kila neno chini ya kitanda. Alimsahau Notburga jina. Akapunguza mpaka mawili: yakawa kazi bure, yowe kama kawaida. Matatu yalimpa nafuu ya saa moja.

Manne ndiyo yaliyokaa. Manne asubuhi, manne jioni. Choo kilimfunga, na Lukresia akampikia mlenda kila siku ya Mungu hadi akalalamika. Pua ilimwasha. Baada ya chakula cha mchana alisinzia kidogo. Lakini alimjua mwanawe, alimjua mkewe, na mguu ulikuwa mguu. Uliuma, ndiyo, ila kwa mbali, mithili ya ugomvi wa nyumba ya jirani. Siku ya tisa alivaa shuka mpaka miguuni. Siku ya kumi na mbili Notburga alijikwaa akaangukia unyayo ule, akakaa kimya akingoja yowe, na baba yake akamwinua tu.

Lukresia alitoka nje akaenda nyuma ya ghala. Alicheka peke yake, mkono mdomoni. Furaha ile hakuweza kumgawia mtu yeyote.

Sasa, mwanamume akiondolewa moto uliomchoma karibu miaka minne, na hajanywa dawa yoyote anayoijua, atafikiri nini? Lukresia hakuwa amejiuliza. Alikuwa amehangaika na matone, na choo, na kuficha kichupa ndani ya chungu cha mbegu. Jioni moja Mhagama aliweka kikombe chini akasema, kwa utulivu:

"Mama Notburga, wameniachia."

"Nani?"

"Wale. Wote kumi na mmoja. Sijui kwa nini, lakini wameniachia."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikuwa na neno kabisa ulimini. Lakini alimwona uso. Ulikuwa uso wa yule aliyemuoa kabla ya vita, ambao alishausahau, na akajua kwamba akisema dawa, kesho togwa haitanyweka, na keshokutwa yowe litarudi. Akasema, "Ashukuriwe Mungu," akaosha kikombe.

Wiki hiyohiyo Mhagama alishika fimbo akaenda kwa Tabu. Tabu alikuwa mjane wa ndugu yake wa ukoo, yule aliyesimama wa kwanza kwenye mstari. Walikuwa wanaishi umbali wa kelele moja, na kwa miaka yote hiyo Mhagama hakuwahi kukanyaga uani kwake. Lukresia alimfuata nyuma.

"Shemeji," Mhagama alisema, akapiga magoti, na kwa mguu ule kupiga magoti lilikuwa jambo la kutazamwa. "Mimi ndiye niliyemnywesha. Nimekuja sasa kwa sababu wameniachia. Wasingeniachia nisingekuwa na uso wa kuja."

Tabu alikuwa mwanamke mkavu, asiye na maneno mengi. Aliingia ndani, akatoka na unga wa ulezi kwenye ungo, wakaenda pamoja chini ya mti wa nyumba yake wakaumwaga kwa tambiko, kwa kuwa mumewe hakuwa na kaburi. Kisha akakaa chini akalia kwa sauti, kilio ambacho vita na njaa havikuwahi kumpa nafasi ya kukilia.

"Kama amekuachia wewe," alisema, "basi naye amepumzika. Nilikuwa sijui kama amepumzika."

Siku zile Mhagama aliingia nyumba sita. Kila mahali unga, kila mahali kilio, na kila mahali watu walitoka na nyuso nyepesi. Kijiji kilianza kuongea tena mambo ambayo kilikuwa kimeyafukia. Na chini ya yote hayo kulikuwa na matone manne ya kasumba kwenye togwa. Lukresia peke yake ndiye aliyejua. Alipokinyanyua kichupa na kukipeleka kwenye mwanga, aliona kimebaki robo.

Alikwenda misheni kikiwa bado na dawa ya siku kumi. Alimkuta Isidori peke yake, amekaa kizingitini, hana la kufanya.

"Bruda ameugua, amepelekwa pwani," Isidori alisema. "Kabati limefungwa, na hata lingekuwa wazi, hamna. Mizigo haijaja. Wapagazi wako njiani kutoka Lindi, hakuna anayejua wako wapi. Mwezi mmoja. Labda miwili."

"Kaka Isidori, nakuomba. Hata kidogo."

"Ningekuwa nayo ningekupa." Kwa mara ya kwanza maringo yalikuwa yamemtoka. "Dada, ulikuwa unampa kila siku? Kila siku bila kuruka? Basi punguza taratibu. Ukiikata ghafla atateseka vibaya."

Alipunguza. Matatu, kisha mawili, kisha moja, kisha akasuuza kichupa kwa togwa na kumpa ile ladha tu. Haikusaidia. Kwanza Mhagama alitokwa jasho na kamasi, tumbo likamwendesha, miguu yote ikarukaruka. Halafu unyayo ukawaka, na safari hii ulikuja na hasira ya kitu kilichozuiwa. Siku hiyo alikuwa amejiandaa kwenda nyumba ya saba.

"Nimewakosea nini?" aliuliza. Hakumuuliza Lukresia. Aliuliza hewa. "Nimewakosea nini tena?"

Tabu alisikia mayowe akaja mbio. Alisimama mlangoni, ungo bado mkononi, uso umemshuka.

"Wamerudi?" alisema. "Lukresia, wamerudi? Ina maana na yeye hajapumzika?"

Lukresia alisema hajui. Alilisema hilo mara nyingi siku zile, kwa watu wengi, na kila mara aliona nyumba moja zaidi ikiingia giza. Mjane wa tatu alikuja kudai kwamba tambiko lilifanywa vibaya. Wa tano alikataa kumsalimia. Mhagama aliacha kula. Alisema labda wanataka njaa yake. Siku ya sita ya njaa alipata jibu jingine, na jibu hilo lilimtuliza kwa namna iliyomtisha mkewe kuliko yowe.

Aliomba shuka safi.

"Unakwenda wapi?"

"Bomani."

"Kufanya nini bomani, Baba Notburga?"

"Kusema. Wenzangu walioshika vibuyu walinyongwa, mimi nikajificha nyuma ya midomo ya watu. Hicho ndicho wanachokidai. Walinipa likizo nione utamu, halafu nitimize." Alikuwa anahema, mikono miwili imeshika fimbo, mguu umening'inia. "Mjerumani hajasahau vita ile. Nikimwambia, atanimaliza asubuhi moja. Na wao watatulia, na Tabu atatulia. Nisaidie kuvuka mto tu."

Lukresia alisimama mlangoni. Mtu anaweza kupiga moyo konde kwa mambo mengi, lakini hili lilikuwa na pande mbili na zote mbili zilikuwa na kisu. Akinyamaza, mumewe atakwenda kunyongwa. Akisema, atamnyang'anya kitu pekee kilichowahi kumfanya awe mtu. Alisema. Alisema haraka, kama zamani alipokuwa akikimbia kwa mama yake na habari ya chungu.

"Hawakukuachia. Wala hawakukushika. Ilikuwa dawa ya misheni. Nilikuwekea kwenye togwa, matone manne asubuhi, manne jioni, na sasa imekwisha. Ni mshipa, Bruda amesema ni mshipa. Hakuna mtu hapo kwenye mguu wako."

Mhagama alikaa. Hakupiga kelele, hata mguu ulipogonga sakafu.

"Siku niliyokwenda kwa Tabu?"

"Manne."

"Nilipopiga magoti?"

"Manne, Baba Notburga. Nisamehe."

"Basi hakuna aliyenisamehe," alisema.

Hakwenda bomani. Kwa wiki tano alilala amegeukia ukuta, akiungua, na Lukresia alibadilisha majani ya mgomba na hakupata neno lolote kutoka kwake, la kheri wala la shari. Alitamani hata amtukane. Kisha Isidori mwenyewe akaja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na kichupa kipya mfukoni. Mizigo ilikuwa imefika.

Safari hii Lukresia hakuficha. Aliweka kichupa mbele ya mumewe, na kando yake kikombe cha maji meupe, akatoka nje. Kilikaa pale siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alisikia akiitwa.

"Mangapi?" Mhagama aliuliza.

"Manne."

Alidondosha mwenyewe. La nne lilichelewa kutoka. Aliyatazama yanavyosambaa majini, akanywa yote, akafunga macho. Lukresia alikaa karibu yake wakingoja. Jua lilipofika katikati ya uwanja alianza kunyoosha vidole vya mguu, kimoja kimoja. Kisha machozi yakamtoka, mengi, na hakuyafuta.

"Inafanya kazi," alisema. "Ni matone tu ndani ya maji, na inafanya kazi. Kumbe dawa ikiwa dawa, inakuwa hivi." Aligeuza kikombe kitupu. "Mimi niliwapa nini wale watoto wa watu?"

Lukresia alimshika mkono, naye hakuuondoa.

Tabu alikuwa hajasikia yowe tangu asubuhi, na ukimya ule ulimvuta. Alikuja polepole, akachungulia, akamwona Mhagama amekaa na shuka limefunika miguu yote miwili. Mikono ikamwenda kifuani.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wamekuachia?"

Mhagama alimtazama mkewe. Lukresia alitikisa kichwa kidogo sana, na hata yeye hakujua kama alimaanisha sema au usiseme. Kichupa kilikuwa palepale mkekani, na Tabu hakukiona, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kukitazama.

"Ndiyo, shemeji," Mhagama alisema, kwa sauti kubwa, iliyonyooka. "Wameniachia. Mumeo amepumzika."

Tabu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Alisema anakwenda kuleta unga. Alipoondoka, Mhagama aliomba kikombe cha matone ya jioni, na jua lilikuwa bado juu.